Maji ya Kuagia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusiwa kuikwepa: kukoroga beseni la mwisho. Uani kwa Shangazi yake, ambaye alikuwa dobi, mabeseni manne yalipangwa kando ya ukuta. La kwanza lilikuwa la kulowekea, la pili la kufulia, na la tatu la kusuuzia. Lakini la nne ndilo lililompatia Shangazi sifa mtaani. Humo alitia konzi moja la sabuni ya unga, na Chiriku akakoroga kwa mwiko mkuukuu mpaka povu likapanda. Nguo zilizokwisha kusuuzwa zilizamishwa humo, zikakamuliwa, zikaanikwa hivyo hivyo bila kupitishwa tena kwenye maji safi. Maji hayo Shangazi aliyaita maji ya kuagia, kwa kuwa hapo ndipo nguo ilipoaga mabeseni.

"Shati la dobi mwingine utalijua kwa kulitazama," alipenda kujisifu mbele ya wateja. "La kwangu utalijua hata ukiwa umefumba macho."

Wala hakuwa akipiga chuku. Ukipita kwenye kona ya mtaa, harufu ya uani kwake ilikupokea kabla hujaziona kamba za nguo. Wateja walipokabidhiwa vifurushi vyao walivipeleka puani kwanza, ndipo wakasema asante.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Wazazi wake walifanya kazi mbali, kwa hiyo aliishi na Shangazi pamoja na Bibi, mama yake Shangazi. Mwaka uliotangulia Bibi alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wake wa kulia vililala, na maneno yakakataa kutoka. Alibaki kitandani katika chumba kinachotazama uani, akitumia mkono wa kushoto kuitikia na kukataa. Chiriku akirudi shuleni alikaa ukingoni mwa kitanda, akammwagia umbea wote wa darasani: nani kapigana, nani kasinzia, nani kamjibu mwalimu ovyo. Bibi alicheka kwa upande mmoja wa uso, naye Chiriku aliona kicheko hicho kinatosha kabisa.

Mambo mabaya yaliingia katika nyumba ile yakinukia vizuri. Siku moja alikuja muuza sabuni mgeni, akaacha ndoo ya buluu yenye kifuniko cha kubana. Haikuwa na maandishi yoyote, si jina la sabuni wala namna ya kuitumia. Shangazi alipoifungua, macho yalimtoka machozi, akakohoa mpaka akajishika kifua. Kisha akatabasamu na kusema kwamba hii sasa ndiyo sabuni, zile nyingine zilikuwa unga wa kuchezea watoto.

Haukupita muda mrefu, Chiriku akaanza kuwashwa shingoni, pale ukosi wa shati la shule unapogusa. Baadaye akawashwa kiunoni, palipobana mkanda wa sketi, halafu kwenye makwapa. Vipele vyekundu vilitokea, vikaungana, ngozi ikawa kavu na yenye mipasuko. Jasho likipita juu yake, alitamani kulia.

Shangazi alimwona akijikuna, akamuuliza kuna nini. Hapo ndipo Chiriku alipokosea. Aliogopa. Mtoto wa dobi kujikuna, watu wangesema nini? Wangesema nyumba inayofulia mtaa mzima haiwezi kumsafisha mtoto wake. Hakutaka Shangazi achekwe, akajibu la kwanza lililomjia mdomoni.

"Ni upupu, Shangazi. Tulipita kwenye vichaka nyuma ya shule."

Lilikuwa jibu dogo, na Shangazi alilipokea kwa moyo mweupe. Lakini upupu una vinyoya vinavyonasa kwenye nguo, na dobi yeyote analijua hilo. Kuanzia siku hiyo sare ya Chiriku ilipewa makonzi mawili katika maji ya kuagia badala ya moja. Na kwa kuwa Chiriku alizoea kukaa kitandani kwa Bibi, Shangazi aliona vinyoya hivyo huenda vimehamia huko pia. Mashuka ya Bibi, magauni yake na foronya zake vyote vikapewa makonzi mawili. Chiriku mwenyewe ndiye aliyekoroga.

Shuleni mambo yalizidi kumbana. Msichana aliyekaa naye dawati moja aliona shingo yake, akavuta daftari zake upande wa pili. Kesho yake alimwomba mwalimu amhamishe, akidai haoni ubao vizuri. Hakuna aliyemtukana Chiriku, ila mahali alipokaa pakawa na nafasi. Alifunga kifungo cha juu cha shati hata jua lilipokuwa kali, na mdomo wake usio na breki ukasimama. Akirudi nyumbani hakuwa na umbea wa kumsimulia Bibi.

Lakini naye Bibi hakuwa tena wa kusimuliwa. Jioni moja walimkuta amelitupa shuka sakafuni. Walipomfunika, akalitupa tena. Akaanza kuvuta gauni lake kwa mkono wa kushoto mpaka mshono ukapasuka begani, na kutoa mlio mrefu usio na neno hata moja ndani yake. Mlio huo ulipita ukutani na kufika kwa majirani. Chiriku alitoka uani, na huko nako akausikia.

Ukawa mtindo wa kila siku. Bibi alijikuna shingo na tumbo mpaka akajitoa damu. Shangazi alipojaribu kumtuliza, Bibi alimsukuma, na macho yake yakawa makali kama ya mtu asiyemjua. Jirani mmoja alikuja kutazama, akatikisa kichwa na kusema kwamba ugonjwa umepanda kichwani, akili zimeanza kuondoka. Shangazi alikataa kuamini. Baada ya siku chache akaamini.

Alichukua soksi nene kutoka kwenye kamba, ikiwa safi na inanukia, akamvisha Bibi kwenye mkono wa kushoto, ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, akaifunga kifundoni kwa utepe ili asiivue. Alifanya hivyo akilia. Chiriku alisimama mlangoni akatazama mkono ule ukipapasa hewani ndani ya soksi, akashikwa na hofu ambayo hakuweza kuieleza.

Siku hiyo hiyo Shangazi alimpigia simu kaka yake mkubwa, dereva wa lori, aliyekuwa safarini. Chiriku alikuwa akikusanya vibanio vya nguo, akasikia kila neno.

"Kaka, mama ametupotea," Shangazi alisema. "Mimi siwezi tena."

Wakakubaliana kwamba Baba Mkubwa atakuja Jumamosi kwa gari la kukodi, wampeleke Bibi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa pili. Shangazi alimweleza jirani kwamba huko wanawatunza vizuri, isipokuwa vyumba vyao hufungwa kwa nje. Chiriku alifikiria chumba hicho, na Bibi ndani yake asiyeweza hata kuita. Wali ukamshinda usiku huo.

Katikati ya wiki ile, Shangazi akiwa amekwenda kupeleka nguo na Chiriku akiwa shuleni, ilinyesha mvua kubwa. Kamba zilikuwa zimejaa. Waliporudi, kila kitu kimelowa chapachapa na maji ya povu yanachuruzika uani kuelekea mtaroni. Shangazi alishika kiuno. Harufu yote imekwenda na mvua, alisema, sasa itabidi kurudia. Lakini mashuka ya Bibi hayakuweza kusubiri, wala sare ya Chiriku. Vilikaushwa kwa pasi, vikatumika hivyo hivyo.

Kesho yake Chiriku alikaa darasani mpaka kengele ya mapumziko bila kujikuna. Hakuligundua hilo mara moja, kwa kuwa mtu hahesabu maumivu ambayo hayakuja. Aliligundua aliporudi nyumbani akakuta kimya. Bibi alikuwa amelala usingizi mzito, shuka liko kifuani. Shangazi alisema ni baridi ya mvua, huwatuliza wazee akili. Akaingia jikoni akiimba kwa sauti ya chini.

Ila Chiriku alibaki pale mlangoni. Alilisogelea shuka, akalinusa. Halikunukia chochote. Akanusa ukosi wa shati lake mwenyewe, nao haukunukia chochote. Akakumbuka ndoo ya buluu, makonzi mawili, mwiko wake unavyozunguka kila asubuhi. Bibi hakuwa amepoteza akili. Bibi aliwashwa, kama yeye. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mdomo, na alikuwa ameutumia kudanganya.

Ungedhani mtoto wa namna hiyo angekimbilia jikoni kusema. Hakuthubutu. Maji ya kuagia ndiyo yaliyokuwa fahari ya Shangazi. Kuyasema vibaya mbele yake kulikuwa sawa na kumwambia kwamba anamtesa mama yake mzazi kwa kazi anayojivunia. Na hapo hapo ingebidi aeleze habari ya upupu. Kwa hiyo alitafuta njia ya mkato. Asubuhi iliyofuata, Shangazi alipoingia ndani, Chiriku alilichukua shuka la Bibi kutoka beseni la nne, akalisuuza haraka bombani na kulianika.

Jioni Shangazi alipolianua, alilipeleka puani kwa mazoea. Akakunja uso, akalirudisha kwenye beseni.

"Hili limetuponyoka," alisema. "Mama yangu hataondoka hapa na shuka linalonuka maji matupu. Nitampa heshima yake mpaka siku ya mwisho."

Akatia makonzi matatu. Chiriku aliyaona yakizama na kuyeyuka. Shuka likakaushwa kwa pasi, likatandikwa. Usiku ule mlio wa Bibi ulianza upya, na safari hii ulikuwa na ukelele wa kukata tamaa ndani yake. Chiriku alijifunika kichwa kwa mto, akajichukia.

Jumamosi ikafika. Baba Mkubwa aliingia akiwa na vumbi la safari, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Chiriku alimwamkia kwa heshima, akaitikiwa kwa sauti nzito. Nje injini ya gari iliachwa ikinguruma. Shangazi alikuwa amekwisha kufungasha mfuko: magauni, mashuka, taulo, vyote vimekunjwa vizuri na vinanukia. Chumba kizima kilijaa harufu ile, na Bibi akitazama mfuko alianza kutikisa kichwa na kuupigapiga ubavu wa kitanda kwa ule mkono wenye soksi.

"Tumnyanyue taratibu," Baba Mkubwa alisema. "Wewe mtoto, tupishe."

Chiriku hakupisha. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka.

"Baba Mkubwa, naomba msimpeleke. Bibi hana wazimu. Anawashwa."

Shangazi alimwambia kwa upole kwamba anajua anampenda Bibi, lakini haya ni ya watu wazima. Chiriku akafungua kifungo cha juu, cha pili na cha tatu, akawageuzia mgongo na kulishusha shati mabegani. Shangazi alisogea karibu na vile vipele.

"Hii nini?" Shangazi aliuliza. "Upupu gani huu?"

"Haukuwa upupu, Shangazi. Nilikudanganya. Sikutaka watu wakucheke." Aliuonyesha mfuko kwa kidole. "Ni maji ya kuagia. Siku mvua ilipoyasuuza mashuka, Bibi alilala. Mimi pia sikuwashwa. Ulipoyarudia, tukaanza tena."

Shangazi alisimama kana kwamba amepigwa kofi. Kisha hasira zikampanda, hasira za mtu aliyeogopa. Alisema amefua miaka na miaka, amefulia maharusi na watoto wachanga, na sabuni haijamdhuru mtu. Akainyoosha mikono yake mbele ya kaka yake. Itazame, alimwambia, ndiyo inayoshinda ndani ya sabuni hiyo kutwa nzima, mbona haiwashwi?

Baba Mkubwa aliishika mikono ile, akaipindua. Viganja vilikuwa vigumu, vyeupe kwenye mistari, na kucha zimeliwa na maji.

"Dada yangu," alisema polepole, "mikono hii ungeishikia kaa la moto usingejua."

Akapiga goti kando ya kitanda, akaufungua utepe na kuivua soksi. Shangazi alifunika mdomo. Chini ya soksi ngozi ilikuwa nyekundu mpaka kifundoni, imevimba na kupasuka katikati ya vidole, mahali ambapo Bibi hangeweza kabisa kujikuna. Wote walingoja aanze kujiparura. Badala yake aliuinua mkono ule, akaugusisha kwenye shingo ya Chiriku, penye vipele. Akaugusisha kwenye shingo yake mwenyewe. Kisha akaurudisha kwa Chiriku tena, akamtazama binti yake usoni, akangoja aelewe.

Aliyepoteza akili hasemi namna hiyo. Shangazi alianguka magotini kando ya kaka yake, akalia kwa sauti.

Gari liliwachukua siku hiyo, ila liligeuka njia na kwenda zahanati. Muuguzi aliwakagua wote wawili bila haraka, akauliza ni sabuni gani inayotumika na nguo zinasuuzwa mara ngapi. Shangazi alijibu kila kitu, hata habari ya makonzi matatu, kwa sauti inayosikika kwa shida. Muuguzi akachukua shuka moja kutoka kwenye mfuko uliofungashwa, akaichovya pembe yake kwenye bakuli la maji safi na kuifikicha. Povu likapanda mpaka ukingoni. Shuka lile lilikuwa safi, limekauka na limepigwa pasi, kumbe limebeba sabuni ya kufulia jingine.

Muuguzi aliwaeleza kwamba ngozi za watu hazifanani. Kuna mtu atalala kwenye nguo hiyo mwaka mzima asipate kitu, na kuna mwingine ataungua kwa siku moja, hasa mzee mwenye ngozi nyepesi au mtoto mchanga. Alipotaja mtoto mchanga, Shangazi aliinamisha kichwa, maana mteja wake mmoja mwenye kichanga alikuwa ameacha kuleta nguo bila kueleza, naye alidhani ni kwa sababu harufu imepungua. Walipewa dawa ya kupaka na mafuta mazito ya kulainisha ngozi. Wakaambiwa watumie sabuni isiyo kali wala manukato, kidogo tu, na wasuuze mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni isiyo na maandishi wasiiguse tena, kwa kuwa hakuna ajuaye imetiwa nini. Shangazi mwenyewe aliagizwa kuvaa glavu, naye hakubisha.

Kupona hakukuja kwa siku moja. Shingo ya Chiriku ilibambuka, ikawa na mabaka, kisha ikatulia. Mwalimu alipoelezwa, alilieleza darasa kwamba ugonjwa wa Chiriku hauambukizi, na yule msichana akarudi dawatini akiwa na aibu, akaanza kwa kuomba kuazima rula. Ngozi ya Bibi ilichelewa zaidi. Kila jioni Chiriku alimpaka mafuta katikati ya vidole, akimsimulia habari zilizokuwa zimelimbikizana.

Shangazi ndiye aliyekuwa na kazi ngumu. Ndoo ya buluu aliifunga na kumrudishia mwenyewe. Kisha alikwenda kwa wateja wake, mlango kwa mlango, akawaambia ukweli kuhusu beseni la nne. Wako waliocheka, na wako waliohama wakitafuta dobi mwenye harufu. Mama mwenye kichanga alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani na kutoka na kifurushi cha nguo za mtoto. Beseni la nne bado lipo uani, ila siku hizi lina maji safi.

Jioni moja Shangazi alianua shuka, akalitandika juu ya Bibi bila kulinusa, halafu akakaa ukingoni mwa kitanda na kumvuta Chiriku karibu.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Wewe ulinificha ukidhani unanilinda. Angalia uongo mdogo ulikotufikisha: kidogo tumfungie Bibi yako mlango. Mwili ukikusumbua, sema mapema, na sema kweli, hata kama kweli yenyewe itaniuma. Na mimi kosa langu ni kubwa zaidi. Nilifuata sifa ya harufu, nikasahau kumtazama mtu aliye ndani ya nguo. Usafi si kunukia. Usafi ni kitu kisichomdhuru anayekivaa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Upepo wa jioni uliingia dirishani ukiwa na baridi. Bibi aliunyoosha mkono wake wa kushoto, mtupu na mkavu, akalishika pindo la shuka, akalivuta mwenyewe mpaka kidevuni.